Zinki ni Chambo: Hotuba kwa Wavuvi na Wenye Boti wa Tumbe

Maneno haya niliyasema kwenye diko la Tumbe, Pemba, baada ya sala ya alasiri, mbele ya wavuvi, manahodha, wenye boti na akina mama wa mwani. Waliokuwa safarini waliomba yaandikwe, nami nimeyaandika kama yalivyotoka. Pale nilipokuwa nikionyesha kitu kwa mkono nimeongeza maneno machache, ili asiyekuwapo afahamu nilichokuwa nikikionyesha.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, manahodha, vijana wa dagaa, na nyinyi mama zangu mnaovuka kwenda kwenye mwani kwa boti za watu: nakushukuruni kwa kunipa jioni hii. Nimeichagua siku hii makusudi. Mwezi ni mkubwa, taa za dagaa hazina kazi, boti zimepandishwa pwani, na hakuna nahodha atakayekuwa akitizama maji yanavyotoka badala ya kunisikiliza mimi. Sikuja kukufundisheni bahari, kwa kuwa bahari mnaijua nyinyi. Mimi ni fundi wa mashine za boti, na ninachokijua ni namna bahari inavyozila mashine hizo. Nimekuja kuzungumza hilo, na namna ya kuipa bahari kitu kingine ile, ituachie mashine. Kitu hicho ni zinki, kile kipande cha metali kinachofungwa kwenye mashine.

Hiki nilichokishika ni mguu wa mashine ya farasi 40, ule unaoingia majini na kubeba rafadha, au propela kama tunavyoiita wengi wetu. Tizameni. Nachukua bisibisi hii, sipigi nyundo, sitii nguvu, nasukuma kwa kidole gumba tu. Mmeona? Imeingia mpaka ndani, kama unavyochoma boga lililooza. Mwenye mguu huu ni mtu makini, hanywi chai kabla ya kuitizama boti yake. Aliponiletea mashine, alisimama nayo kwa fahari akaniambia, "Fundi, tatizo si zinki. Zinki yangu ninayo mwaka wa pili huu na haijapungua hata chembe." Nikainama nikaiona. Kweli ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima, inang'ara, rangi ya kijivu moja na mashine yenyewe. Nikamuuliza, "Ulipoipaka mashine rangi, na zinki uliipaka?" Akanijibu, "Niliipaka mikono miwili, isije ikaharibika."

Waungwana, nakuulizeni nyinyi mnaotega. Mvuvi akirudi pwani na chambo chake kizima kwenye ndoana, hujisifu? Huwaita watu waje waone namna chambo chake kilivyokaa salama? Basi zinki isiyokwisha ni chambo hicho. Haikuguswa, na kama haikuguswa yenyewe, kilichoguswa ni kitu kingine. Kitu hicho ndicho hiki ninachokichoma kwa bisibisi mbele yenu.

Sasa ni kwa nini bahari ile chuma, na kwa nini ichague kimoja na kukiacha kingine?

Tuanze na tochi. Nani hapa hajawahi kuzisahau betri ndani ya tochi mpaka zikavuja? Zile betri za bei ndogo, gamba lake ni zinki. Umeme unaowasha taa unapatikana kwa zinki ile kuliwa polepole, na ikishatoboka, uji hutoka na tochi huharibika. Mwaka 1800 Mtaliano mmoja, Alessandro Volta, alitangaza betri yake, na alichokifanya kilikuwa chepesi mno: alipanga visahani vya zinki na vya shaba, kimoja juu ya kingine, na baina yao akaweka vipande vilivyolowa maji ya chumvi. Metali mbili tofauti zinazogusana, na maji ya chumvi katikati. Hapakuwa na zaidi ya hayo, na umeme ukapita.

Haya, niambieni: mashine yako ina metali ngapi? Mguu wake ni alumini. Shafti ya rafadha ni stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu kirahisi. Bolti nyingi ni stenlesi. Vyote hivyo vimefungwa pamoja, vimegusana, kisha unavitumbukiza katika Bahari ya Hindi yenye kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita. Umetengeneza nini hapo? Umetengeneza betri ya Volta, nayo haikungoji uiwashe. Inafanya kazi unapokwenda Njao, inafanya kazi unaporudi, inafanya kazi usiku boti ikielea kwenye nanga nawe umelala. Na kila betri ina upande unaoliwa. Kati ya stenlesi na alumini, inayoliwa ni alumini.

Msiifikirie alumini kuwa ni dhaifu. Ikiwa hewani hujivika yenyewe ngozi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo huilinda. Ndiyo maana sufuria zenu za alumini hazishiki kutu jikoni. Lakini chumvi ya bahari huitoboa ngozi hiyo, kidogo hapa na kidogo pale, na pale ilipotobolewa ndipo kuliwa kunapoanza. Msitafute wekundu ule mnaoujua kwenye nanga na minyororo. Alumini ikiliwa hutoa unga mweupe, na kama juu yake pana rangi, rangi huvimba vilengelenge kama ngozi iliyoungua. Ukiona vilengelenge, jua chini yake mna unga, na chini ya unga mna shimo.

Zinki nayo ina tabia yake: huliwa kwa urahisi kuliko alumini. Ukiifunga kwenye mguu wa mashine, ikagusana na alumini barabara, ikawa majini pamoja nayo, bahari huanza na zinki na kuiacha alumini. Ikimalizika, bahari haisemi nimeshiba. Hurudi kwenye mguu.

Chambo kina adabu zake, nanyi mnazijua. Kuna chambo cha changu na chambo cha nguru, na huwezi kuvichanganya. Zinki nayo ndivyo ilivyo. Kijana mmoja wa upande huu wa Micheweni alipata jamaa aliyetoka Mwanza, akamletea zawadi ya kipande cha kufunga kwenye mashine, kipya, kizuri, chepesi kama bao la mchezo. Akakifunga kwa furaha. Haukupita mwezi, akakuta bolti mbili tupu zimening'inia na kipande hakipo. Akaja kwangu akilalamika kwamba ameibiwa. Hakuibiwa na mtu. Kile kilikuwa magnesiamu, ambayo hutumika kwenye maji baridi ya maziwa, ambako zinki huwa nzito kuamka. Ukiitia magnesiamu katika maji ya chumvi, huliwa mbio mbio kama biskuti ndani ya chai. Kwa bahari yetu ni zinki, au ile alumini maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hii. Njia nyepesi ya kuvitambua dukani ni kuvibeba mkononi: vikiwa na ukubwa mmoja, zinki ina uzito wa mara 4 na zaidi kuliko magnesiamu. Ukikabidhiwa kitu chepesi kama kibao na muuzaji anaapa ni zinki, mrudishie.

Wapo pia wanaojaribu kujitengenezea. Huyeyusha mabati ya zamani au magamba ya betri, wakamimina kwenye kifuu au kwenye mchanga, wakapata kipande kinachofanana na cha dukani. Nawaheshimu kwa akili yao, na siwakebehi, kwa sababu mimi mwenyewe nilijaribu. Tatizo ni chuma. Zinki ya kazi hii hutakiwa iwe safi sana, na chuma kidogo tu kilichochanganyika ndani yake, kidogo cha kuhesabiwa kwa vipande vya laki, hutosha kuifanya ijifunike ukoko ikaacha kufanya kazi. Utaiona imekaa nzima, utafurahi, na tumeshasema zinki iliyokaa nzima inamaanisha nini. Nunueni ya dukani. Bei yake, kwa mashine hizi zetu ndogo, ni jambo la dumu la petroli, na mguu mpya ni jambo la kuuza ng'ombe.

Adabu ya pili ni kugusana. Zinki haifanyi kazi kwa kuwa karibu. Hufanya kazi kwa kugusa. Ikiwa baina yake na mguu pana rangi, au pana ukoko mweupe, au bolti imelegea, ni sawa na kuwa umeiweka mfukoni. Unapoifunga mpya, pangusa pale inapokaa kwa msasa mpaka alumini ing'are, kisha kaza. Msitumie brashi ya waya wa chuma kwenye alumini, kwa sababu huacha chembe za chuma ndani ya ngozi yake, nanyi mtakuwa mmejitengenezea betri ndogo ndogo mia. Mwenye mita ya umeme aweke waya mmoja kwenye zinki na mwengine kwenye mguu, penye alumini tupu: mita isome chini ya omu 1, yaani umeme unapita bila ya kizuizi. Nimepima mashine humu humu Tumbe zikasoma kana kwamba waya umekatika, na mwenyewe ana zinki mbili.

Na adabu ya tatu ni wakati wa kubadilisha. Usingoje iishe. Ikifika nusu, ibadilishe, kwa sababu kadiri inavyopungua ndivyo nguvu yake ya kulinda inavyopungua. Tena mjue zilipo, kwani si moja. Ipo ile ya chini, kwenye bati lililo juu ya rafadha, ambayo kwa mashine nyingi ina umbo la kipezi. Nyingi zina nyengine kwenye kibano kinachoshika ubao wa nyuma wa boti. Na baadhi ya mashine, khasa kubwa na zile za stroki nne, zina zinki ndani kabisa, kwenye njia za maji ya kupozea, nyuma ya vifuniko vidogo ambavyo mwenye mashine hupita miaka mitano bila kujua kwamba vinafunguka. Ukinunua mashine, muulize muuzaji swali hili kabla ya kuuliza bei: zinki zake ziko ngapi, na ziko wapi? Akibabaika, kafungue kitabu chake.

Nataka nikupeni kisa kimoja cha zamani, kwa sababu kinatufaa. Elimu hii haikuanza kwenye mashine. Mwaka 1824, miaka kadhaa kabla ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na tatizo. Meli zao za mbao walizivika mabati ya shaba chini, ili wadudu wasibungue mbao na majani yasiote. Lakini shaba ile ilikuwa ikiliwa na bahari, na gharama ilikuwa kubwa. Wakamwendea mwanakemia wao mkubwa, Humphry Davy. Davy akafikiri, akawaambia wafunge kwenye shaba vipande vidogo vya zinki au vya chuma. Wakafunga, na shaba ikaacha kuliwa. Ilikaa nzima kabisa. Si ushindi huo?

Ulikuwa ushindi wa muda mfupi. Zile meli zilizofungwa vipande zilianza kuota majani na viumbe vyenye magamba, zikawa nzito, zikapoteza mwendo. Maana yake ni kwamba shaba ile, ilipokuwa ikiliwa kidogo kidogo, ilikuwa ikitoa sumu iliyowafukuza viumbe hao. Davy alipoizuia isiliwe, aliizuia pia isiwafukuze. Ikabidi vipande viondolewe.

Nini kinatuhusu? Mawili. La kwanza, zinki haizuii kuota. Msije mkanilaumu kwamba mmefunga zinki na bado mguu umejaa magamba. Hilo ni jambo jengine, na dawa yake ni kuunyanyua mguu juu ya maji boti inapolala. La pili ni kubwa zaidi. Kwa kuwa shaba huwafukuza viumbe, rangi nyingi za kupaka chini ya vyombo zimetiwa shaba. Kwenye mbao na faiba hazina ubaya. Lakini nimewaona watu wakimaliza kupaka boti, rangi imebaki kwenye kopo, wakasema isipotee, wakaumalizia kwenye mguu wa mashine. Ndugu zangu, shaba juu ya alumini, ndani ya maji ya chumvi? Volta mwenyewe asingeweza kuipanga vizuri zaidi. Rangi ya mguu iwe ya mguu. Palipochubuka, osha kwa maji baridi mpaka chumvi itoke, sugua mpaka chuma kizima, paka praima ya alumini, kisha rangi, siku hiyo hiyo, kwani alumini iliyosuguliwa haikungoji mpaka kesho. Ukipaka juu ya chumvi, umeifungia ndani, na itavimba.

Sasa nije kwenye maji, na hapa nitaanza kwa kujishitaki.

Nilipokuwa fundi kijana, nilikabidhiwa mashine ya jamaa wanne waliokuwa wakivua kaskazini. Walikuwa wakiniletea niioshe na kuitizama kila baada ya wiki. Nilikuwa na pipa la lita 200, najaza maji ya kisima, naitia mashine, naiwasha, naihesabia dakika mbili au tatu, nazima. Mashine ilikuwa ikikojoa vizuri, yaani mnajua ule uzi wa maji unaotoka ubavuni. Nikaona maji yanaingia na yanatoka, nikasema imeoshwa, na petroli ya watu haikupotea. Nilifanya hivyo karibu msimu mzima wa kusi. Siku moja mashine ikapata joto, ikakwama, nje ya Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, wanauona ule mnara wa chuma uliosimama pale tangu 1900 lakini hawaufikii, na kusi inawasukuma kaskazini, kwenye bahari isiyo na kisiwa. Aliyewaokoa alikuwa mzee mwenye dau la tanga. Aliwafunga kamba akawarejesha kwa kupiga bisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, saa nzima na nusu, mashine ya farasi 40 ikivutwa na kitambaa. Yule mzee bado wanamkumbusha hilo kila arusi.

Nilipoifungua, njia za maji zilikuwa zimezibwa na chumvi iliyoganda ikawa ngumu, kama ukoko chini ya chungu cha wali. Nilijiuliza: mbona nilikuwa nikiiosha? Jibu lake ni kifaa kidogo kiitwacho themostati. Mashine ikiwa baridi, themostati hufunga, na maji mengi hupita njia fupi yakatoka. Hayafiki juu, kwenye vichwa vya silinda, ambako joto ni kali na ndiko chumvi inakoganda zaidi. Kwa mashine nyingi ninazozifungua, themostati hufunguka joto likifika kati ya nyuzi 50 na 60. Kwa dakika zangu mbili, haikuwa ikifunguka hata siku moja. Nilikuwa nikiosha koo, tumbo likabaki na chumvi yake. Na chumvi iliyobaki ndani haizibi tu, hula. Kila penye chumvi yenye unyevu, ile betri inaendelea.

Basi dakika 10 mpaka 15, mashine ikiwa kwenye pipa, maji yamepita matundu ya kuvutia, gia ikiwa nyutro, na rafadha ukiweza iwe imevuliwa, watoto wakae mbali. Msiifanye kazi hii ndani ya banda lililofungwa, moshi wake unaua. Wala msiwashe mashine nchi kavu hata kwa dakika moja "kusikia sauti tu", kwa sababu impela, kile kipepeo cha pampu kinachovuta maji, ni mpira, na mpira bila ya maji huungua kabla hamjamaliza kuisikiliza hiyo sauti. Zenye tundu la kuunganisha mpira wa maji, nyingi huoshwa zikiwa zimezimwa. Someni kitabu chake. Mkimaliza, iacheni mashine imesimama wima mpaka maji yote yachuruzike, ndipo muilaze.

Najua mnachotaka kuniambia. Mama mmoja pale ameshanitizama. "Fundi, maji ya kunywa hatuna ya kutosha, tuyape mashine?" Swali ni la haki, khasa kwa wanaokaa Kojani, Fundo na visiwa vyengine ambako maji ni tabu. Jibu langu ni kwamba mashine haina ulimi. Kisima cha pwani ambacho maji yake yana chumvichumvi na hamyanywi, yanafaa. Tuseme maji hayo yana gramu 3 kwa lita: bado ni chini ya sehemu ya kumi ya chumvi ya bahari. Na masika yanapokuja, bati moja la banda na pipa moja chini yake vinatosha. Pipa moja laweza kuosha mashine zaidi ya moja, mradi kila moja imwagiwe ndoo kwanza kwa nje, na maji yabadilishwe mapema. Maji yaliyotumika yana oili na moshi, kwa hiyo yasirudi kisimani wala kwenye migomba.

Nipite haraka kwenye bolti na grisi. Bolti ya stenlesi ndani ya alumini, ikikaa misimu miwili bila ya kufunguliwa, hufa humo humo, na fundi akiilazimisha hukatika. Ifungue mara moja kwa msimu, ipake grisi ya baharini, irudishe. Rafadha ivueni kila baada ya miezi michache, pakeni grisi kwenye meno ya shafti, na mtizame nyuma yake kama pana mshipi uliojizongomeza. Mshipi ule hukata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie, maji ya bahari huingia kwenye giaboksi, na gia za chuma hushika kutu mahali msipopaona. Mkimwaga oili ya gia ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa, msiirudishie nyengine mkaondoka, tafuteni sili. Oili hiyo ibadilishwe kila saa 100 za kazi, au kila miezi 6, na kwa mnaokwenda kila usiku saa 100 hazikai. Na chini ya kofia ya mashine, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, usimwagie kwa mpira, kisha puliza mafuta ya kufukuza maji. Ile WD-40 mnayoijua ilitengenezwa mwaka 1953 Marekani, na ilitumika kuyalinda magamba ya makombora yasishike kutu, kwa hiyo kazi hii inaiweza. Lakini utando wake ni mwepesi, na kwa mashine itakayolala msimu mzima haitoshi. Tumieni mafuta mazito zaidi.

Lililobaki ni la watu, si la chuma, nami nimelisubirisha kwa sababu ndilo linaloniudhi.

Nilizipokea siku moja mashine mbili za aina moja, zilizonunuliwa mwaka mmoja. Moja ilikuwa ya mtu mmoja, nyengine ya kikundi cha watu kumi. Ya mtu mmoja ilikuwa imekwaruzika, mbaya wa sura, lakini ndani njia za maji zilikuwa wazi na zinki ilikuwa imeliwa robo. Ya kikundi haikuwa na zinki, zilibaki bolti zake tupu. Niliwauliza wale kumi, mmoja mmoja: nani anaiosha? Wa kwanza akasema nahodha. Nahodha akasema vijana. Vijana wakasema anayekuwa wa mwisho kushuka. Na wa mwisho kushuka, jamani, usiku wa manane, amebeba ndoo ya samaki na mnada unamngoja, ataosha mashine?

Simlaumu. Ninalaumu mgao. Mnapogawa mapato, mnatoa kwanza mafuta, barafu na chakula, kisha chombo kina fungu lake na mabaharia wana mafungu yao. Kila kilichotoka jasho kinahesabiwa, isipokuwa jasho la kuosha. Kwa nini? Kama kazi ya kumwaga maji chomboni inajulikana ni ya nani, na kuangalia nanga ni ya nani, kuosha mashine kuna aibu gani hata kukose mwenyewe? Mteueni mtu. Muongezeeni kitoweo kila siku anapoosha, samaki wawili wazuri, mbele ya macho ya wenzake. Na asipoosha, siku hiyo asipewe. Vikundi viwili nimewashauri hivyo, wakacheka, kisha wakafanya. Sasa vijana wanagombania pipa.

Kabla sijashuka, mzee wangu aliyekaa pale chini ya mkungu ameniuliza swali, na naomba nilijibu mbele yenu nyote. Amesema: "Sisi vyombo vyetu tulikuwa tukivipaka sifa, mafuta ya papa, juu, na chini tukitia shahamu na chokaa, na tulijua siku zake. Hii zinki yenu siku zake zipi?"

Mzee wangu, siku zake ni zile zile zako. Bamvua linapokuja, maji yanapokupwa mbali na chombo kikakaa mchangani, ulikuwa ukiingia chini yake na chungu cha shahamu. Siku hiyo hiyo kijana wako ainame nyuma ya boti, aishike zinki kwa mkono, aitikise kama imelegea, aipanguse ukoko, aitizame imebaki kiasi gani. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, kwa hiyo hahitaji kalenda wala simu.

Ahsanteni. Pipa lipo nyuma ya banda la barafu, limejaa, na mita yangu ninayo. Tutaanza na ile boti ya kijani, kwa sababu nimeshaiona kutoka hapa kwamba zinki yake imepakwa rangi.